Nilimshinda Lola kwa Hoja, Wageni wa Posa Wakaondoka

Manang Bising mpendwa,

Naomba unisaidie, na kama utataka kunigombeza kwanza nigombeze tu, maana nyumbani kwetu sasa hakuna hata wa kunigombeza, wote wamenyamaza, na mimi kimya cha watu wangu sikiwezi. Ukurasa wako tunausoma kila Jumapili tukitoka misa, Mama ndiye husoma kwa sauti na Baba hukubishia huku anakula, kwa hiyo nakusihi usiandike jina langu, niite Binti wa Molo, ingawa najua watanijua tu.

Mimi nauza kwenye duka la mikate, na tangu nikiwa mdogo nataka kuwa mwanasheria, na kuingia shule ya sheria lazima ufanye mtihani, na sehemu inayowaangusha watu si kusoma wala kuandika, ni ile ya kufikiri kwa hoja, ambapo unapewa maneno machache ya mtu, tuseme diwani anapinga daraja, halafu unaulizwa huyu anataka tuamini nini, anaegemea nini, na hoja yake inavuja wapi. Basi nikajiandikisha darasa la Jumamosi kwa Wakili Sobrevega, mzee mpole anayefundisha huku anatafuna karanga, na siku ya kwanza akatuuliza, "Kila muuza samaki wa sokoni huamka kabla ya alfajiri. Jirani yangu Deling huamka kabla ya alfajiri. Je, Deling anauza samaki?" Darasa zima tukaitikia, "Ndiyo, Wakili!" Akatafuna karanga yake akasema, "Deling anafuga majogoo wa kupigana, wanangu. Mngekuwa mahakimu mngeshamfunga."

Manang, siku hiyo nilirudi nyumbani kama mtu aliyepewa miwani kwa mara ya kwanza, kila kitu nakiona na kila kitu kina kasoro. Uma ulianguka mezani, Mama akasema mgeni mwanamume anakuja, nikamuuliza ni mara ngapi uma umeanguka na asije mtu. Akalalamika kwamba mikono inamtetemeka kwa sababu alinawa maji baridi baada ya kupiga pasi, nikamwambia jambo kutangulia jingine si kulisababisha, akanijibu, "Haya, Wakili, pasi hiyo hapo, piga wewe." Baba akasema siku hizi katika nyumba yake mtu anaogopa hata kusema mvua inakuja. Walikuwa wakicheka bado wakati huo, hata Lola, bibi yetu mzaa baba, alikuwa akicheka, tena yeye ndiye alikuwa akiniita Jaji na kunitaka nikate kesi kati yake na paka.

Sasa sikia lililotokea. Dada yangu mkubwa, ambaye mimi namwita Manang kama ninavyokuita wewe, anachumbiwa na Wilmar, fundi friji wa kisiwa cha Guimaras, kijana mtulivu, hana neno na mtu. Watu wake wakaja kuposa Jumapili moja, baba, mama, na mjomba wake Tiyo Pruding ambaye ndiye mshenga, na sufuria kubwa ya kuku, na kama desturi wakakaa wakasema walikuwa wakipita tu, wakaongea habari za mvua, wakasifu mapazia yetu, mpaka kahawa ikapoa ndipo Tiyo Pruding akasema, "Sisi tuna jogoo wetu mmoja, kila siku anavuka maji kuja kuwika kwenye uzio huu. Tukaona aibu, tukasema twende tukaulize, huenda humu kuna kuku wake." Tukacheka wote, Manang akakimbilia jikoni, mambo yakawa matamu. Tiyo Pruding akaomba iwe Disemba, kabla ya Krismasi.

Hapo Lola akasema, "Disemba? Kaka yao kaoa mwaka huu huu. Ndugu wawili mwaka mmoja, ndoa moja inakula bahati ya nyingine, mmewasahau binti za Tansing? Tena Disemba iko karibu mno. Na macho yangu mimi si yale. Januari si mbali, Pruding. Januari ni mwaka mpya."

Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya biskuti, Manang Bising, na nilihisi kitu kinanipanda kifuani, furaha kabisa, kwa sababu niliona tundu, nililiona wazi kama lililoandikwa ubaoni.

"Lola, samahani," nikasema, "hoja hiyo ina tundu."

"Ina nini, Inday?" akauliza, maana kwetu kila binti huitwa Inday.

"Tundu. Binti wa Tansing aliachika kwa sababu mumewe ni mlevi, Molo nzima inajua. Halafu mbona hujawahesabu ndugu walioolewa mwaka mmoja na wanaishi vizuri? Unahesabu walioachika tu."

Mama akanikanyaga mguu. Nikaendelea. Nikamweleza mpaka habari za Deling na majogoo wake. Nilipomaliza Lola alikuwa amekunja upepeo wake, akasema, "Basi. Mimi sikusoma. Semeni ninyi mliosoma," akaingia chumbani akafunga mlango. Hakuna aliyegusa biskuti. Tiyo Pruding akachukua kofia yake akasema kwa heshima zote, "Tutarudi nyumba ikitulia," na hawajarudi, hata sufuria yao bado iko jikoni kwetu, na Disemba haitajwi wala Januari haitajwi.

Tangu siku hiyo Lola anakula mapema peke yake halafu anajifungia. Ameifunua ile cherehani ya kukanyaga aliyoshonea watu maisha yake yote, ambayo hakuigusa tangu macho yalipoanza kuingia ukungu, na kila nikikaa sebuleni kusoma kwa sauti yeye anakanyaga, nadhani ili asinisikie. Haniambii neno ila kunituma. Alinituma mjini uzi mweupe, nikaleta, akanirudisha nikabadilishe, anataka mweupe wa maziwa si mweupe wa shuka, nikajua ananiadhibu tu. Siku nyingine akaniita, akanisimamisha mikono juu, akanizungushia utepe kifuani, kiunoni, mabegani, akasema, "Umekonda kwa vitabu," akanifukuza. Naye Manang yuko kimya, na kwetu kila mwenye hasira hunyamaza, kwa hiyo najua ananichukia, na bado ana ujasiri wa kuvaa blauzi yangu ya njano kwenda kazini bila kuniomba, maana nguo zetu ni zile zile, kiuno kile kile, mabega yale yale, tangu tukiwa wasichana.

Nimefikiri kwa utaratibu kama tulivyofundishwa nikafikia kwamba Lola hataki Manang aolewe, na Manang hanitaki mimi. Baba anasema shule ya sheria itanifanya mtu mwenye hoja asiye na watu. Na la kuniuma zaidi, hata darasani siendi mbele, maswali ya kutafuta tundu nayapata yote, lakini yale ya "msemaji anataka tuamini nini" nakosa kila mara, na Wakili Sobrevega amenicheka, "Inday, wewe unapiga ngumi kabla hujajua nani kabisha hodi." Mtihani unakaribia. Niuache? Au niendelee, na dada yangu akose ndoa kwa ajili ya mdomo wangu? Nami nauliza na hili, usinikasirikie: je, hoja yangu haikuwa ya kweli?

Wako,
Binti wa Molo

* * *

Binti wa Molo,

Barua yako nimeisoma kwa kahawa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuniangalia. Niliporudia nikatamani kukufinya sikio. Majina ya wengine nimeyabadilisha, lakini Molo ni ndogo, na nguo za njano ni chache.

Nikupe haki yako kwanza ili usiseme nimekuonea. Hoja ya Lola ina tundu. Kuhesabu walioachika na kuwaruka waliodumu ni kosa, na ungejibu hivyo kwenye mtihani ungepata alama yako. Ila pale sebuleni hapakuwa na mtihani, binti yangu. Palikuwa na bibi yako, mbele ya wageni, na sufuria ya kuku. Ulimvua nguo mzee wa watu ili uonyeshe umesoma, na ulifurahi, umeandika mwenyewe kwamba ulifurahi. Hilo utamwomba msamaha, na usimwombe kwa maelezo. Neno "lakini" lisikutoke.

Sasa wasomaji wangu watadhani Manang Bising kama kawaida yake anahubiri adabu. Sivyo. Mimi nakulaumu kwa hoja. Umejenga hoja mbovu kuliko ya Lola, halafu unakuja kuniuliza kama ilikuwa ya kweli!

Mimi nikikwambia kesho itanyesha kwa sababu goti langu linauma, una ruhusa ya kulicheka goti langu. Lakini chukua mwavuli. Ukibomoa sababu ya mtu hujabomoa neno lake, umeondoa nguzo moja tu, na neno lenyewe linaweza kuwa limesimama juu ya nguzo nyingine ambayo hukuitazama. Lola alitoa nguzo ngapi? Rudi kwenye barua yako. Alisema mambo ya ndugu wawili, alisema Disemba iko karibu mno, alisema macho yake si yale. Wewe ukairukia ile yenye tundu zuri, hizi nyingine hukuzigusa, kwa sababu hazikukupa nafasi ya kung'ara.

Na neno lenyewe alilotaka mliamini lilikuwa lipi? Umeniandikia kwamba Lola hataki dada yako aolewe. Ametamka wapi? Nimetafuta kwa miwani. Alisema Januari si mbali. Anayetaja mwezi hajakataa ndoa, mpenzi, anapanga tarehe. Mshenga mwenyewe, mzee wa watu, alikuwa ameshaelewa, nami naweka dau langu hapa kwamba angeitikia ndiyo kabla biskuti hazijazunguka. Ndiyo maana unakosa maswali yale darasani. Ugonjwa wako ni mmoja, nyumbani na shuleni: unatafuta tundu kabla ya kumsikia mtu anasema nini. Huyo wakili wako wa karanga amekuona vizuri.

Haya, tuje kwa dada. Kwenu kila mwenye hasira hunyamaza, yuko kimya, basi ana hasira. Deling anaamka mapema, basi anauza samaki! Umelipa ada ya nini wewe? Mtu hunyamaza kwa huzuni, kwa aibu, kwa kuogopa kwamba akifungua mdomo atalia. Mtu aliyekuchukia kweli hakai siku nzima kazini na blauzi yako mwilini. Angekuwa amekuchukia angekutupia hiyo blauzi mlangoni pamoja na henga yake.

Na sasa nafika mahali pagumu. Mama wa Molo, wewe unayesoma kwa sauti baada ya misa: hapa funga mdomo. Mwambie binti yako mkubwa akachemshe kahawa, na hili lililobaki mpe mdogo asome mwenyewe kimoyomoyo. Ameshakwenda? Vizuri.

Inday, tulia unisikilize. Hapa nitatumia yaliyomo kwenye barua yako tu, sitaongeza hata punje. Bibi aliyeacha kushona kwa ajili ya macho ameifunua cherehani baada ya watu kuja kuposa. Anataka uzi mweupe, tena anachagua weupe wake mpaka anakurudisha mjini. Amekupima wewe kifua, kiuno na mabega. Na wewe na dada yako, umeniapia, mna mwili mmoja.

Nimejaribu kujibishia, maana sipendi kudanganyika. Huenda anashona kitambaa cha altare. Lakini altare haina kiuno. Huenda anakushonea wewe nguo ya kwendea mtihani. Huenda. Ila wewe na mimi tumelelewa huku, na tunajua bibi arusi wa kwetu hajaribu gauni lake kabla ya siku yenyewe, wala hapimwi-pimwi nalo, watu wanaogopa ndoa isitokee. Sasa mshonaji anayetaka kumshonea bibi arusi bila kumgusa atampima nani?

Rudi tena pale sebuleni umsikie upya. "Disemba iko karibu mno. Macho yangu si yale." Binti yangu, yule mzee hakuwa akibishana nawe habari za bahati. Alikuwa anahesabu mishono. Anajua mikono yake ya leo inakwenda polepole, na Disemba itamkuta na mkono mmoja wa gauni. Angesema hivyo mbele ya wakwe? Fundi aliyeshona maisha yake yote aseme mbele ya watu kwamba siku hizi haoni tundu la sindano? Akachukua sababu ya wazee, ile ambayo hakuna mgeni angeibishia, akajifunika nayo. Na wewe ukamfunua.

Nilipofika hapo niliweka barua chini nikafuta miwani. Mimi pia nina macho yanayoingia ukungu.

Usije ukakimbia kumwambia Lola kwamba Manang Bising amegundua. Sijagundua. Haya niliyosema yana nguvu, kwa maoni yangu yana nguvu sana, lakini hayajathibitika, na tofauti ya hayo mawili utaulizwa kwenye mtihani wako bila shaka. Mimi sikuwepo, na wewe uliyekuwepo ulikuwa unaeleza habari za majogoo. Wa kujua ni mmoja, na yuko nyuma ya mlango huo.

Basi fanya hivi. Leo, usingoje kesho, bisha hodi chumbani kwa Lola bila kitabu. Mwombe msamaha kwa maneno machache. Kisha kaa kwenye kitanda chake, chukua sindano, umtungie uzi. Tunga nyingine, na nyingine, uzichome kwenye kile kimto chake cha sindano awe anazichukua tu zikiwa tayari. Kila jioni ukitoka kwenye mikate yako iwe ndiyo kazi yako, na kama unataka kusoma somea hapo hapo, kwa sauti, uone kama atakanyaga ili asikusikie. Nadhani atakukosoa.

Dada yako usimweleze jambo la gauni hata kidogo. Mwambie tu, "Manang, nilikosea, na ninarekebisha." Blauzi mwachie. Halafu ile sufuria. Sitasema watu wa Guimaras waliiacha makusudi, huenda mjomba alisahau kwa ajili ya aibu uliyowapa, lakini sufuria ya watu ndani ya nyumba ni mlango ambao haujafungwa. Mama yako aijaze, maana nani kwetu anarudisha chombo kitupu? Baba yako aivushe maji mwenyewe, avae shati la kanisani, akae kwao, aseme alikuwa akipita tu.

Hili moja msomee baba yako kwa sauti. Baba, kwa kuwa najua uko hapo unatafuna na unanibishia: binti yako hatakosa watu kwa sababu ya shule ya sheria. Alitaka kuwakosa kwa sababu amesoma nusu ya somo. Mwache alimalize.

Kwa hiyo mtihani, Inday, utaufanya. Na kila utakapofunua swali, kabla hujatafuta tundu, weka kidole chini ya lile neno moja ambalo msemaji anataka uliamini, ujiulize kwa nini analitaka. Ukipata hilo, tundu lipo tu, halikimbii. Mawakili wa kutafuta matundu tunao tele hapa Iloilo, wamejaa mpaka mlangoni mwa mahakama. Wa kusikia mteja mzee anaogopa nini hao ni haba, na mimi ningependa kuwa na mmoja kabla sijafa, awe wa kwangu.

Ukishatunga sindano ya kwanza, muulize Lola swali moja tu: "Lola, unahitaji muda gani?" Halafu nyamaza, naona kwenu mnajua kunyamaza. Akikwambia Januari, Baba apeleke Januari pamoja na sufuria. Tiyo Pruding akiuliza sababu, asipewe. Ataiona mwenyewe kanisani, imevaliwa na dada yako, nyeupe ya maziwa.

Manang Bising